Mkunazini wanasimulia nusu, nusu nyingine ipo Masasi



Leo naomba tuongee kuhusu majengo ya kanisa. Subirini kwanza, msifunge ukurasa. Ndugu zangu Waislamu msiondoke, maana sehemu kubwa ya hoja hii inawahusu ninyi. Na ninyi mnaosali pale Mtandi kila Jumapili, msikasirike kabla hamjafika mwisho.

Swali langu ni jepesi. Kijana wa Masasi au Newala akitaka kwenda mahali, akae kwenye benchi, amsikilize mtu anayejua jambo fulani kwa undani, kisha anyooshe mkono amuulize maswali bila woga, aende wapi? Dar es Salaam wana Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, ambako tangu enzi za akina Walter Rodney watu wamebishana mpaka wakasahau kula. Sisi tuna nini? Ukumbi wa halmashauri ni wa vikao vya halmashauri. Kumbi za sherehe ni za kulipia, na mwenye ukumbi anasubiri harusi, hasubiri historia. Kijiweni tunaongea sana, tena vizuri tu, lakini kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Hata ikiwepo, pale mtu haendi kuuliza. Anakwenda kuambiwa.

Halafu tukajidanganya kwamba intaneti imemaliza tatizo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kukawa na maandamano na vurugu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mtu wa Newala akabaki na njia zilezile alizokuwa nazo babu yake: baraza ya nyumba, kijiwe cha kahawa, msikiti na kanisa. Kumbe vitu hivi vya matofali na mawe, ambavyo sisi wa mtandaoni tunavidharau, ndivyo visivyozimwa kwa kubonyeza kitufe.

Sasa tuje kwenye majengo yenyewe. Tuanzie Unguja, halafu turudi nyumbani.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akakubali mkataba. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoanza baada ya hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, wakajipatia sehemu ya uwanja ule pale Mkunazini. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yuleyule aliyetoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870. Leo watalii wanalipa kiingilio, wanaonyeshwa altare panaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, wanashuka kwenye vile vyumba vya chini ya hosteli, wanapiga picha sanamu za watu wenye minyororo shingoni zilizowekwa mwaka 1998, wanaondoka. (Vyumba vile vina ubishi wake. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wanahistoria wengine wanatilia shaka kile waongozaji wanachosimulia. Hilo ni la siku nyingine.) Kanisa lilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na wengineo, na mwaka 2016 kikafunguliwa kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa. Kazi nzuri. Siibezi hata kidogo.

Lakini mwulize mtalii anayetoka pale: haya, walioachiwa huru walikwenda wapi? Atakutazama tu. Na si mtalii peke yake. Mwulize mwanafunzi wa sekondari wa Masasi swali hilohilo uone.

Jibu ni kwamba wengine walibaki Unguja, kwenye mashamba ya misheni pale Mbweni na kwenye shule ya Kiungani. Na wengine walikuja hapa kwetu. Mwaka 1876 Steere alikusanya watu 50 na ushee, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wameokolewa kutoka utumwani, akasafiri nao kwa bahari mpaka Lindi, na kutoka Lindi wakapanda bara kwa miguu. Wengi asili yao ilikuwa huko bara, upande wa Nyasa na kwa Wayao. Mpango ulikuwa kuwasogeza karibu na walikotoka. Walipofika Masasi, penye ile milima ya mawe mnayoiona mkiteremka kwenye basi, wakaona ardhi nzuri na maji, wakasema hapa panatosha. Wakajenga kijiji.

Jamani, hebu tulia utafakari. Mtu alitembezwa kifungoni kutoka bara hadi pwani ya Kilwa, akapakiwa kwenye jahazi, akaishia kisiwani. Miaka michache baadaye anarudi kwa miguu yake mwenyewe, kwenye nchi ileile aliyopitishwa akiwa amefungwa. Wamarekani weusi wanatumia maelfu ya dola kwenda Ghana kupita kwenye mlango ulioandikwa kuwa ni wa kurudia. Sisi tunao watu waliorudi kweli, wakalima, wakazaa, na wajukuu wa wajukuu wao huenda ndio unaopanda nao bodaboda. Na hatuna hata mhadhara mmoja kwa mwaka wa kulisemea jambo hili.

Mchukue mtu mmoja tu, Cecil Majaliwa. Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa Zanzibar. Akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, akarudi, na kuanzia mwaka 1886 akafanya kazi Chitangali, huku kwetu kusini. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa upadri. Mtoto wa sokoni, padri, na mwendeshaji wa kituo chake mwenyewe, miaka 71 kabla ya Uhuru. Nchi nyingine huyu angekuwa na sinema.

Na hadithi yenyewe si ya raha mwanzo mpaka mwisho, ndo maana inahitaji watu wakae chini waiongee. Septemba 1882 Magwangwara, tawi la Wangoni, walivamia Masasi. Wakachoma, wakaua, wakachukua mateka. Fikiria wale wateka waliokuwa wamewahi kuwa watumwa: wametekwa mara ya pili. Steere mwenyewe alikuwa amefariki Unguja mwezi uliotangulia. Mkuu wa kituo, Chauncy Maples, akahamishia kazi Newala, kwa jumbe Matola, ndo maana historia ya miji hii miwili huwezi kuitenganisha. Kisha ikaja 1905, Maji Maji. Misheni ya Masasi ikachomwa tena, na za Wabenediktini kule Lukuledi na Nyangao zikachomwa pia. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha kituo Ndanda, hiyo Ndanda mnayoijua kwa hospitali.

Hapa ndipo mimi huwa natamani ukumbi. Waliochoma mwaka 1905 ni wapiganaji ambao shuleni tunafundishwa kuwaita mashujaa wa ukombozi, na ni kweli. Waliochomewa ni watu waliowahi kuwa watumwa, na watoto wao. Nani atasimama mbele ya vijana wa Masasi aseme yote mawili kwa mpigo, bila kumtukana yeyote na bila kuficha kitu? Kitabu cha darasa la sita hakiwezi. Kina kurasa mbili za Maji Maji na mtihani unasubiri.

Sasa nawavusha bahari kidogo, nina sababu. Mwaka huohuo 1876, wakati watu wale wanapanda kutoka Lindi, kule Boston, Marekani, kulikuwa na kanisa la zamani linaanza kubomolewa. Linaitwa Old South Meeting House, lilijengwa mwaka 1729. Ndani yake, Desemba 1773, watu wapatao 5,000 walikusanyika kubishana kuhusu kodi ya chai ya mfalme wa Uingereza, na usiku ule wengine wakatoka kwenda kuimwaga chai bandarini. Miaka 100 baadaye waumini wake walikuwa wamepata kanisa jipya, zuri zaidi, mtaa wa kitajiri. Lile la zamani likauzwa kwa dola 1,350 tu, kama vifaa: mbao, milango, matofali. Mafundi wakapanda juu kuanza kazi.

Wakatokea wananchi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, wakasema hapana. Wakachangisha. Mama mmoja tajiri, Mary Hemenway, akatoa dola 100,000 mfukoni mwake. Jengo likanusurika, na tangu 1877 likawa makumbusho na ukumbi wa mihadhara. Tena mihadhara ya mwanzo ililenga vijana hasa, wafundishwe historia ya mji wao. Inaendelea hadi leo. Unaingia mahali palipokuwa kanisa, mimbari ya zamani ipo, unakaa, unamsikiliza mtu.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika: "Boston na Masasi wapi na wapi, wale wana hela." Sawa, wana hela. Ila mambo mawili ya kanisa lile yananigusa, na yote hayahusu hela.

La kwanza ni kwamba mmoja wa waumini wake alikuwa Phillis Wheatley. Binti aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa na miaka kama saba hivi, akauzwa Boston mwaka 1761, akapewa jina la meli iliyomleta. Phillis ni jina la meli! Akabatizwa kwenye kanisa lile mwaka 1771, na mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kikachapwa London. Mkamweke pembeni ya Cecil Majaliwa, aliyepewa jina la kizungu na watu waliomlea. Boston wanamsimulia Phillis mahali alipokaa kwenye benchi. Sisi wa kwetu tumemwacha kwenye vitabu vya Kiingereza vilivyofungiwa maktaba za ng'ambo.

La pili ndo kubwa. Kuwa na ukumbi si kazi. Kazi ni kuamua nani ataruhusiwa kusema. Walinzi wa jengo lile nao miaka ya 1920 walivutana: huyu mwandishi kapigwa marufuku mjini, huyu mama anazungumzia uzazi wa mpango, tuwape nafasi au tuwanyime? Mwaka 1929 wakaamua: wanaonyimwa jukwaa kwingine watapewa hapa, hata kama maoni yao hatuyapendi. Uamuzi ule haukuongeza tofali hata moja, ila ndo ulioligeuza jengo kuwa ukumbi. Bila uamuzi wa namna hiyo, utakuwa na ghala lenye viti.

Turudi nyumbani. Kanisa kuu la Mtandi ni nyumba ya ibada, limewekwa wakfu, linatumika, na sijasema popote kwamba ligeuzwe. Nazungumzia yale majengo mengine. Kila parokia ya zamani ikijenga kanisa jipya kubwa, lenye vioo vya rangi na spika nne, inafika kwenye swali: lile la kwanza tulifanyeje? Majibu ninayoyasikia huwa mawili, kubomoa ili tupate mawe, au kuweka humo saruji na magunia. La tatu halisemwi.

Sheria nayo haitusaidii moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Masasi imeanza 1876. Tumechelewa miaka 13! Kwa yaliyojengwa baada ya hapo, mpaka serikali itamke rasmi kuwa jengo fulani ni urithi wa taifa. Nani ataipelekea serikali orodha kama wenyewe hatujui tuna nini?

Halafu kuna vikwazo ambavyo ni vya kwetu hasa, na hivi havisemwi hadharani.

Kwanza neno lenyewe. Boston ukisema mhadhara watu wanafikiria mzee mwenye miwani. Tanzania ukisema mhadhara, kwa miaka mingi watu wamefikiria uwanja, vipaza sauti, Biblia na Kurani mezani, Mkristo na Mwislamu wanashindana nani kapotea, na pembeni defenda la polisi. Leo uwaambie watu wa Newala "kuna mhadhara kwenye jengo la kanisa", sheikh atajiuliza wanataka kutubatizia vijana, na mchungaji atajiuliza wanataka kutuchokoza. Pengine tuuite mazungumzo ya wazi, au baraza. Mimi baraza linanikaa vizuri zaidi, kwa sababu kwenye baraza ya mtu unakaribishwa hata kama dini yenu si moja.

Maana huku kwetu ukweli ni kwamba Waislamu ni wengi, Wakristo wapo, na nyumba nyingi zina wote wawili. Mjomba ni Yusufu wa msikitini, mwanawe ni Yosefu wa kwaya. Historia ya misheni ni ya wote. Matola aliyempokea Maples alikuwa mkuu wa watu wake, alipokea wageni kwa hesabu zake za kisiasa, hakuwa mfuasi anayefuata nyuma. Kwa hiyo ukumbi ambao Mwislamu atajisikia mgeni ndani yake utakuwa umeshindwa siku ya kwanza. Mambo madogo yataamua: msalaba utabaki ukutani au utahamishwa kwa heshima? Nani atafungua kwa dua, na ya nani? Au tusifungue kwa dua kabisa, tuanze na "habari za mchana"? Haya si ya kudharau. Kikao kinaweza kuvunjika kwa hili kabla hata maiki haijawashwa.

Na msiseme haiwezekani, kwa sababu kanisa lenyewe hapa Masasi limewahi kufanya jambo gumu kuliko hili. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alikutana na jando. Misheni nyingi zililipiga vita kama ushenzi. Yeye na mapadri Waafrika wakakaa wakatafuta namna ya kufanya jando chini ya kanisa, na likawa linafanyika. Mwanahistoria Terence Ranger ameandika kirefu kuhusu jambo hilo, na anachoonyesha ni kwamba haikuwa zawadi ya mzungu mmoja mwenye moyo mzuri, ilikuwa mapatano, vuta nikuvute, na Waafrika wakiwa na kauli. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu walichokubaliana. Mimi ninachokiona ni kwamba watu walioweza kujadiliana kuhusu jando na altare wanaweza kujadiliana kuhusu viti na ratiba.

Kikwazo kingine ni cha mali, na hapa nitawatetea viongozi wa kanisa kidogo. Tunawalaumu kwamba hawafungui milango. Lakini wana kumbukumbu. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya elimu, na shule za misheni zikataifishwa. Chidya, ambayo wamisionari waliijenga na wazee wetu wengi walisoma hapo, ikawa ya serikali. Nia ilikuwa njema, Mwalimu alitaka mtoto wa Mwislamu naye asome bila kuulizwa dini, na ni kweli wengi walisoma. Ila ukiwa kwenye ofisi ya dayosisi ukasikia neno "jengo la jamii", unakumbuka kwamba mara ya mwisho kitu chako kilipoitwa cha jamii hukukiona tena. Hofu hiyo haiponi kwa kupigiwa kelele. Inapona kwa karatasi: jengo linabaki la kanisa, matumizi ni ya wote, mkataba ni wa miaka fulani, kamati ina watu wa pande zote, na mtu wa kuziba bati linalovuja anajulikana kwa jina.

Bahasha sitaiongelea sana. Mnaijua. Tumezoeshwa kwamba mtu akikualika kukaa kwenye kiti saa mbili lazima akupe soda, karanga na posho. Baraza la aina hii likianza na posho, litakufa siku mfadhili akiondoka. Liache lianze na watu 15 wenye hamu.

Mtu ataniuliza, yote haya ya nini, wakati bei ya korosho haieleweki? Nami nitamwambia korosho ndo mada ya kwanza! Mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ni wakulima wangapi walikaa wakaelezwa kwa utulivu unavyofanya kazi, makato yanakwenda wapi, na kwa nini malipo yanachelewa? Mwaka 2018 bei ikagomewa, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba. Watu wameishi historia hiyo kwa miili yao, lakini kuizungumza kwa utaratibu, na anayejua hesabu akiwa mbele, bado.

Au Januari 2013. Mkoa mzima ulikuwa unachemka kwa sababu ya gesi na bomba la kwenda Dar. Masasi ugomvi wa polisi na waendesha bodaboda ukageuka vurugu, watu wakafa, mali na majengo ya umma yakachomwa moto. Sisemi ukumbi wa mazungumzo ungezuia yale, nitakuwa nadanganya. Nasema tu kwamba miaka imepita na mji haujawahi kukaa kwenye benchi ukayasema yale. Kila mtu ana toleo lake, analisimulia kwa kunong'ona. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana ndevu za kwanza, na analosikia ni la kijiweni.

Mfano wa kusema wazi tunao humuhumu. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, aliletwa huku akiwa ameshaondolewa Afrika Kusini na wakuu wa shirika lake la kidini kwa sababu mdomo wake dhidi ya ubaguzi ulikuwa unawaka. Baadaye akawa rais wa harakati za kupinga ubaguzi kule Uingereza. Alikaa Masasi miaka minane, katikati ya Uhuru na Azimio la Arusha, halafu akang'atuka ili Mwafrika ashike kiti. Mji huu ulimlea mtu mzima wa namna hiyo na umemsahau kama abiria aliyeshuka stendi.

Upande wa Newala nako kuna ya kwao, na tangu 2009 wana dayosisi yao wenyewe ya Anglikana, kwa hiyo wasingoje Masasi waanze. Wangapi wanajua kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, kisha Wajerumani wakawazingira mpaka wakarudi mbio walikotoka? Wangapi wanajua historia ya maji ya mlima huu, ya akina mama kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950? Hilo mzungumzaji wake si profesa. Ni bibi yeyote mwenye umri wa kutosha, akipewa kiti cha mbele na asikatizwe.

Na kuna kingine ambacho kikinijia kichwani huwa nakosa usingizi. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu na Newala, mwaka mmoja tu baada ya misheni kuchomwa. Alipiga picha, alikusanya vitu, na alikuwa na mashine ya fonografu, akawarekodi watu wakiimba. Vitu vile viko Leipzig, na nyimbo zile zimehifadhiwa Ujerumani. Kuna sauti za watu wa Newala za miaka 120 iliyopita, na watu wa Newala hawajazisikia! Siku hizi nakala ya sauti inaingia kwenye simu. Barua moja iliyoandikwa vizuri, kutoka kamati yenye sheikh, padri, mwalimu na mzee wa jando, inatosha kuanza kuziomba. Wakituma, zitapigwa wapi kama si ndani ya chumba chenye kuta nene, watu wametulia, wazee mbele, na mtu wa kutafsiri maneno ambayo vijana hatuyajui tena?

Kwa hiyo wadau mlioko huko, naomba mambo matatu kwenye maoni hapo chini. Andika jengo gani la zamani la misheni unalolijua, liko kijiji gani, na paa likoje. Andika ufunguo anao nani, kwa cheo chake tu, usitaje jina la mtu. Na andika siku inayofaa. Mimi napendekeza Jumamosi moja baada ya msimu wa korosho kuisha, baada ya swala ya alasiri na kabla kwaya haijaanza mazoezi. Muda huo ni mfupi, saa moja na nusu hivi, lakini kwa kuanzia unatosha.